Mtoto wa kwaya na voyu wa Birere: mbona inakuwa hivi kila mara?

Yaya_Himbi
Jambo wote. Mudogo wangu ana miaka 17, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Goma, wa kwanza darasani toka zamani, na kwenye kwaya ndiye anayeanzisha nyimbo. Hajawahi kumjibu mama vibaya hata siku moja. Sasa toka mwezi wa kwanza kuna kijana wa Birere. Nywele kapaka rangi, hereni sikio moja, alishafukuzwa kwenye shule mbili, mchana kutwa yuko kwenye meza ya biliadi karibu na mpaka. Mtaa mzima wanamwita voyu, yaani mhuni.

Jana nimekuta barua ndani ya daftari lake la kemia. Barua jameni, ya karatasi, siku hizi za WhatsApp! Sikuisoma yote (nimeisoma yote). Hakuna neno baya hata moja. Anamwambia anapenda anavyosimama kando ya barabara na kufunga kitabu kwanza ndipo avuke, na kwamba siku akivuka huku anasoma atajua kuna kitu kimemsumbua. Basi.

Siombi ushauri wa la kufanya, hilo tutaona na mama. Ninachouliza ni mbona wawe hawa kila mara? Kwaya imejaa vijana wanaooga, wanaopiga gitaa, wanaosali. Anawapita wote anaenda kusimama kwa huyu. Na si yeye tu, kila familia ninayoijua ina hadithi yake. Nyinyi mnaelewaje?

Motari_Majengo
Yaya, juu vijana ba kwaya banamuogopa mama yenu. Wa Birere haogopi. Njo ile tu. Funga uzi, tulale.

Binti_Mabanga
Motari acha mchezo. Mimi ndiye huyo mtoto mzuri wa darasa, naomba nisemee upande wetu.

Ukiwa wa kwanza kila mwaka, watu wanakuuliza kitu kimoja: umepata ngapi? Baba anauliza, mama anauliza, pasta anauliza akikupa mkono mlangoni, hata mama anayeuza sambaza Kituku anajua asilimia zako. Vijana wa kwaya nao wanakuja na swali la hesabu, "nieleze hii kidogo". Kisha siku moja anapita mtu asiyejua kama unasoma kemia ao ushonaji, anakuuliza kama umekula. Unafikiri ni hereni iliyonivuta? Sikuiona hereni mpaka wiki ya pili.

Kaka_Kigoma
Habari za huko ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu nako yapo hayo hayo. Dada yangu alikuwa kiranja mkuu, akampenda kijana aliyekuwa anaruka ukuta wa bweni kila Jumamosi. Mimi nadhani ni kuchoka tu. Mtu kanyooka tangu chekechea, anataka kuona ukuta ukirukwa, hata kama yeye mwenyewe haruki.

Motari_Majengo
@Kaka_Kigoma ng'ambo ya ziwa gani? Sisi tuko ku Kivu, wewe uko ku Tanganyika. Toka kwako mpaka huku ni safari ya kulala njiani. Karibu lakini.

Mwalimu_Mstaafu
Salamu kwenu. Nimefundisha Kifaransa na Kiswahili katika shule za mji huu kwa muda mrefu, na kwa miaka kadhaa nilipewa kazi ya nidhamu ambayo sikuiomba.

Yaya_Himbi, umesema kijana "alifukuzwa kwenye shule mbili". Alifukuzwa kwa tabia, ama kwa minervali, yaani karo? Wengi wanaoitwa voyu hapa Goma walianza kuitwa hivyo siku waliporudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa. Serikali iliondoa karo ya shule za msingi za umma kuanzia Septemba 2019, sekondari ikabaki na malipo yake. Mtoto wa miaka 14 anatolewa darasani mbele ya wenzake, anakaa barabarani wiki tatu, anajifunza biliadi, na anaporudi anajibu kwa hasira. Hapo sasa faili lake linaandikwa "tabia mbaya". Nimeziandika faili za namna hiyo, ninajua zinavyoanza.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kwa nini binti mwema anampenda kijana mbaya, tuulize nani alimtangaza kijana kuwa mbaya. Binti wa mwaka wa mwisho huenda alikuwa darasa moja naye miaka ya nyuma. Yeye anamkumbuka kabla ya hereni.

Yaya_Himbi
Aksanti Mwalimu. Nimeuliza kwa mama mdogo anayekaa karibu nao. Shule ya kwanza ni minervali kweli. Ya pili alikataa kunyolewa, akamwambia direkteri wa disiplini aanze na ndevu zake mwenyewe.

Motari_Majengo
Huyu kijana nimeanza kumupenda mimi mwenyewe 😂

Papa_wa_Wasichana_Wane
Mnacheka. Mimi nina mabinti wane, sicheki. Mnazungumza kana kwamba ni sinema. Kijana asiye na kazi, asiye na diploma, kwenye mji ambao hata wenye diploma wanapakia makaa, anaandika barua ya kitabu na barabara, na nyinyi mnasema "haa, mzuri huyo". Barua hailishi. Mimi ningemwita baba yake tuongee wawili. Kama hana baba ningemwita mjomba. Na binti angeenda kwa shangazi yake Bukavu mpaka ezame (mtihani wa mwisho) ipite.

Mwalimu ninakuheshimu, lakini si kila voyu ni mtoto wa minervali. Wengine wamelipiwa yote na bado ni wahuni.

Saiko_wa_Unigom
Papa, kwa heshima, hiyo ya Bukavu ndiyo njia ya kuwaunganisha kabisa. Tulifundishwa kuhusu utafiti wa Driscoll na wenzake, wa mwaka 1972 kule Colorado, Marekani. Walifuatilia wapenzi na wanandoa, wakaona kadiri wazazi wanavyoingilia ndivyo mapenzi yanavyoongezeka. Wakaupa utafiti majina ya Romeo na Juliet, wale wapenzi wawili wa kwenye tamthilia. Kabla yake, mwaka 1966, Jack Brehm alishaandika kwamba mtu akinyang'anywa uhuru wa kuchagua kitu, kile kitu kinapanda thamani machoni pake. Kwa hiyo jibu la uzi huu ni rahisi: mbaya anapendwa kwa sababu amekatazwa. Vijana wa kwaya hakuna aliyewakataza, ndiyo maana wamekaa tu na magitaa yao.

Muuguzi_Katindo
@Saiko_wa_Unigom umesoma nusu ya kwanza ya mlango. Mwaka 2014 Sinclair na wenzake waliurudia ule utafiti wa 1972 na hawakupata matokeo yale. Walichokuta ni kinyume: wale ambao familia na marafiki wanawakubali ndio mapenzi yao yanasimama vizuri zaidi. Kupingwa hakukuongeza mapenzi. Mwambie profesa wako.

Mimi ninaona mabinti wa umri huu kila siku kwenye kituo, na kuna jambo moja ambalo hamjaligusa. Sehemu ya ubongo inayopima matokeo ya kesho inaendelea kukomaa mpaka mtu afike miaka ya ishirini na kitu, wakati ile ya furaha na msisimko imeshawaka kitambo. Binti mwenye asilimia 80 ana ubongo wa miaka 17 sawa na wa yule aliyerudia darasa. Alama za shule hazipimi hilo. Wazazi wanadhani mwenye akili ya hesabu ana akili ya kila kitu, basi hawamwelezi lolote. Yule "mbaya" wa darasa ndiye anayeonywa usiku na mchana. Mtoto wa kwaya haonywi, anasifiwa tu. Halafu siku moja anakuja kwangu na maswali ambayo dada yake angeyajibu jikoni huku wakisaga sombe.

Yaya, usimpeleke popote. Kaa naye.

Saiko_wa_Unigom
Muuguzi nimepokea. Ila Brehm anabaki! Ya 1966 haijabomolewa.

Sheria_Tu
Naongeza moja, fupi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na kifungu cha 48 kinakataza uchumba na ndoa za watoto. Sheria ya familia ya 1987 ilikuwa inamruhusu msichana kuolewa akiwa na 15, lakini ilirekebishwa mwezi wa 7 mwaka 2016, sasa ni 18 kwa wote wawili. Nasema hivi kwa sababu kuna wazee ambao wakikuta barua ya mapenzi dawa yao ni "basi alete mahari". Hapana. Barua ni barua. Na kijana, kama yeye amepita 18, ajue sheria inamtazama kwa jicho lingine kabisa.

Yaya_Himbi
@Sheria_Tu naye ana 17. Na kwa ninavyoona wanachofanya ni kutembea. Anamsindikiza toka kwaya mpaka kwenye kona yetu, hatua kumi nyuma ili watu wasiseme, anambebea bidoni ya maji mpaka pale, anaitua chini, anageuka. Binti anamaliza kubeba mwenyewe mita zilizobaki.

Motari_Majengo
Hatua kumi nyuma!! Na bidoni ya litre 20!! Ku barabara yetu ya mawe ya volkano!! Papa_wa_Wasichana_Wane uko unasoma?

Papa_wa_Wasichana_Wane
Ninasoma. Hata mimi nilibeba bidoni. Najua bidoni inabebwa kwa nini.

Mke_wa_Voyu
Nimecheka mpaka mtoto ameamka. Sasa mimi niwape ya kwangu, kwa sababu mnaongea kama hadithi hizi hazina mwisho.

Mimi nilikuwa mtoto wa katekista, tulikaa Virunga. Nilikuwa na miaka 16. Yeye alikuwa na chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili), alikuwa anateremsha makaa toka Kibumba, anavuta sigara, anapigana sokoni kila siku ya Mungu. Baba alikuwa amemkataza hata kupita mbele ya lango letu. Alikuwa anapita. Anapiga mluzi mara moja, anaenda zake. Mambo yetu yote yalikuwa ule mluzi, hamna kingine, hatukuwahi kushikana mkono.

Siku volkano iliposhuka tulikuwa na koko, mzee wetu, mgonjwa wa miguu, hawezi hatua mbili. Baba anahangaika, jirani mwenye gari ameshaondoka. Moto unaonekana juu, harufu imejaa, watu wote wako barabarani na magodoro kichwani. Huyo voyu akaingia langoni bila hodi, akamwaga makaa yake yote pale uani, akamlaza koko juu ya chukudu kwenye godoro, akamfunga kwa kitenge cha mama, akasukuma mpaka Gisenyi, upande wa Rwanda. Baba alitembea kando yake njia nzima bila kumwambia neno. Tulipofika ng'ambo ndipo akamuuliza, "unaitwa nani?" Alikuwa anamjua jina vizuri sana.

Tulioana miaka sita baadaye, mimi nikiwa nimeshapata diploma. Ninachotaka kusema ni hiki: watu wote wanafikiri alibadilika. Pasta huwa anamtolea mfano. Hakubadilika! Bado anachelewa kila mahali, bado anagombana na refa kwenye televisheni, bado ana mdomo. Ile ya kumwaga makaa na kuingia bila hodi ni tabia ile ile mbaya. Siku hiyo ilitokea kuwa ndiyo tabia iliyohitajika.

Kaka_Kigoma
Dada hii imenigusa. Nakumbuka ile volkano, tuliiona kwenye habari, Jumamosi usiku anga lote jekundu.

Mwalimu_Mstaafu
Ndugu wa Kigoma, uliyoiona Jumamosi usiku ni ya tarehe 22 Mei 2021. Ile lava iliishia Buhene, kaskazini ya mji, haikuingia katikati. Anayosimulia mama huyu ni ya Alhamisi tarehe 17 Januari 2002. Hiyo ilipasua mji katikati, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikafika ziwani. Anayesema mtaa wa Virunga na watu kukimbilia Gisenyi huku mji unaungua ni wa 2002. Ingawa 2021 nako walikimbia, hasa tarehe 27 Mei watu walipoamriwa kutoka, wengi wakaenda Sake.

Mke_wa_Voyu
Ni 2002, Mwalimu amesema kweli. Ya 2021 nilikimbia na watoto wanne na mume anayesahau funguo.

Fundi_Chukudu
Mimi natengeneza chukudu, niingie kidogo. Hadithi ni nzuri ila wasioishi hapa wanaweza kudhani ni rahisi. Chukudu ni ya mbao, haina pedali, inapenda mteremko. Toka Kibumba kuja mjini inateremka yenyewe na mzigo wa kilo mia kadhaa, kazi ni kushika breki, na breki ni kipande cha tairi unachokikanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Lakini kumsukuma mtu mzima mgonjwa katikati ya watu waliojaa barabara, bila kumwangusha, huyo alikuwa fundi. Kijana aliyejifunza kusawazisha mzigo toka utoto anajua kubeba vitu vinavyovunjika. Mama, alikuwa na chukudu ya mti gani?

Mke_wa_Voyu
Kaka Fundi wewe! Nilikuwa nakimbia moto, sikuuliza ni mti gani 😂

Fundi_Chukudu
Muulize jioni. Kama ni mti laini nitashangaa ilifika.

Binti_Mabanga
Turudi. Mama hapo juu amesema jambo ambalo linavunja maelezo ya Saiko na ya Muuguzi kwa pamoja. Kukatazwa kulikuwepo, ubongo wa 16 ulikuwepo, sawa. Lakini yule kijana alikuwa na kitu halisi, na binti alikuwa amekiona kabla ya baba. Kwa nini tunadhani msichana amepotea? Labda anaona vizuri kuliko nyinyi.

Muuguzi_Katindo
Binti yangu, kwa kila mmoja aliyemwaga makaa nina majina mengi ya waliokimbia peke yao. Hao hakuna anayewaanzishia uzi. Sijasema wote. Nasema tunasikia hadithi za walioishia vizuri kwa sababu ndio wanaosimulia.

Papa_wa_Wasichana_Wane
Aksanti Muuguzi. Aksanti sana.

Ndosho_Boy
Nimekuwa nasoma kimya toka juzi. Mimi ndiye mwenye hereni wa hadithi nyingine, si ya Yaya. Niseme toka ndani.

Mtaani nilikuwa na jina la mtaani, hata mama alikuwa ameanza kuniita vile. Siku moja nimekaa kwenye ukuta wa mawe na wenzangu, msichana wa ya sita anapita, anasimama, ananiita jina langu la ubatizo, ananiuliza kama bado naandika mashairi. Wenzangu walicheka wiki nzima. Nilikuwa nimeandika shairi moja tu, nikiwa mwaka wa pili, likasomwa mbele ya darasa. Nilidhani hakuna mtu duniani anayelikumbuka.

Toka siku ile nilianza kupita njia yake. Watu walidhani nataka kumharibu. Kusema kweli nilikuwa nataka aniite tena jina lile.

Kisha yeye ndiye aliyenipeleka kujiandikisha ezame kama mwanafunzi wa kujifundisha mwenyewe, otodidakti wanavyoita, kwa sababu shule hakuna iliyonitaka. Tulikuwa tunakutana mbele ya kanisa, mchana kweupe, mama zake wadogo wanatuona. Ananichapa maswali ya zamani, mimi namchekesha. Insha alinifundisha niache kuanza na "tangu kuumbwa kwa ulimwengu". Matokeo yalipotoka nilipata 53, yeye 71. Tulimwagiana poda mpaka tukawa kama mizimu, tukazunguka Katindo yote tumepanda moto (pikipiki) moja na dereva akidai nauli ya watu watatu.

Yeye alienda kusoma Bukavu. Mimi nilibaki nafanya kazi bandarini. Ilipungua polepole, meseji moja kwa wiki, moja kwa mwezi. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Sasa ana mchumba, mtu mzuri, nimemwona.

Sijui hii inaingia kwenye maelezo yenu yapi.

Binti_Mabanga
Inaingia kwenye yangu: msichana alifanya kazi ya mwalimu bila prime (posho) miezi yote hiyo 😏 Lakini nimelia kidogo, usimwambie mtu.

Mwalimu_Mstaafu
Ndosho_Boy, hongera kwa 53. Wapita ni kuanzia 50, hakuna anayeuliza baadaye. Kwa vijana wanaosoma uzi huu: anaposema "ya sita" ni hesabu ya zamani. Siku hizi ya saba na ya nane ni elimu ya msingi, sekondari ya juu inaishia mwaka wa nne. Madarasa ni yale yale, majina yamebadilika.

Ninakataa jambo moja tu. Kuanza insha na kuumbwa kwa ulimwengu ni kosa walilofundishwa na walimu wenzangu, si lako.

Motari_Majengo
Na mimi niseme ile ninaona ku moto, juu ninabeba hawa batoto kila saa kumi ya jioni. Kijana wa kanisa akipandisha musichana, anauliza bei mara tatu, anakaa mbali, anamwambia "nitakuombea". Kijana wa Birere analipa mbele, anamufungia mufuko, ananiambia "motari, pole pole ku mawe, ukimuangusha tutaongea". Haiko ubaya. Ni kwamba huyu wa pili anajua barabara. Wa kwanza anajua Biblia. Barabara njo iko karibu.

Kaka_Kigoma
Motari unachonganisha watu na kanisa sasa. Mimi niliimba bass miaka mingi, nilibeba mabegi ya kutosha.

Motari_Majengo
Na ulipata nani?

Kaka_Kigoma
Tuendelee na mada.

Saiko_wa_Unigom
Kuna maelezo mengine hamjataja. Vijana wanaoitwa wabaya hapa mara nyingi ni wale wanaofanya kitu hadharani: wanacheza dansi, wanarapu, wanachora ukutani. Pale Foyer Culturel, kituo cha utamaduni, nimewaona wasichana wa shule nzuri kabisa wamesimama mlangoni wanaangalia wachezaji wakifanya mazoezi. Tamasha la Amani lilipoanza 2014 nusu ya waliopanda jukwaani mtaani kwao wanaitwa voyu. Binti anayeimba kila Jumapili ndani ya mistari minne ya kwaya anamwona mtu anaimba peke yake bila kiongozi. Anavutwa na ule uhuru, kijana ni mlango tu.

Papa_wa_Wasichana_Wane
Mlango huo huo ndio unaoogopesha. Lakini sawa. Binti wangu wa pili anacheza dansi, nitamuuliza.

Yaya_Himbi
Wapendwa, habari mpya, na zimenivuruga. Nilifuata ya Muuguzi, nikakaa na mudogo jikoni, tunachambua lenga-lenga. Nikamwambia nimeona barua. Hakukasirika. Akaniambia, "Yaya, ile ni jibu."

Jibu la nini? Jibu la barua YAKE. Yeye ndiye aliyeandika kwanza. Mwezi wa kumi na mbili, kurasa tatu, akampa mtoto wa jirani apeleke. Kijana alikaa nayo wiki kadhaa bila kujibu kwa sababu alikuwa anaogopa makosa ya kuandika. Akaomba mtu amsahihishie, akakosa, akajibu hivyo hivyo.

Na ile meza ya biliadi ni ya mjomba wake. Hachezi. Anakusanya pesa na kufunga mlango usiku. Mudogo alijua yote hayo. Nikamuuliza sasa kwa nini ulimchagua huyu? Akafikiri, akasema, "Sikumchagua kwa sababu ya kitu. Nilitaka kumwandikia mtu barua, na yeye tu ndiye nilijua hataionyesha watu."

Mama bado hajui. Ezame kwanza.

Motari_Majengo
Kumbe voyu ni mudogo yako 😂😂😂

Binti_Mabanga
NILISEMA. Nilisema anaona vizuri.

Muuguzi_Katindo
Kurasa tatu, na hakuna mtu nyumbani aliyejua ana kurasa tatu ndani. Mimi hilo ndilo ninalolishika. Yaya endelea kukaa naye jikoni.

Papa_wa_Wasichana_Wane
Nimewauliza mabinti wangu wote wane usiku huu kama kuna aliyeandika barua. Watatu wamecheka. Wa tatu hakucheka.

Sheria_Tu
Papa, umri wa wa tatu?

Papa_wa_Wasichana_Wane
15. Ameandikia mchezaji wa mpira wa Ulaya. Sijui kama nishukuru.

Mwalimu_Mstaafu
Hamtaniamini, lakini habari ya Yaya hainishangazi. Nilipokuwa kwenye nidhamu tulikuwa tunanyang'anya barua nyingi sana. Za wavulana zilikuwa mistari minne, moja ni salamu na moja ni kuomba msamaha kwa mwandiko. Ndefu zilikuwa za wasichana wa kwanza darasani, tena kwa Kifaransa safi, zimepigwa mstari chini kwa rula. Baadhi ninazo mpaka leo kwenye bahasha. Sikuweza kuzichoma.

Motari_Majengo
Mwalimu, iko na za mwaka 1999? Mama yangu anasoma hapa nyuma yangu, anasema kuna mwalimu wa Kifaransa alimunyang'anya yake na hakumurudishia.

Mwalimu_Mstaafu
Alikuwa seksheni gani?

Motari_Majengo
Pedagojia. Anasema aliandikia kijana wa chukudu na ulimupigisha magoti.

Mwalimu_Mstaafu
Niandikie faraghani. Na mama yako asiandike hapa jina la huyo kijana.

Fundi_Chukudu
Subirini kwanza. Chukudu ya nani, na ya mwaka gani?